Siku ya Nne ya Safari Ipi? Kutafuta kosa kwenye entiti dhaifu na entiti imara

"Kaka, mfumo umegoma tena. Unasema hii siku ipo tayari, na mimi naapa sijaiingiza."

Nilikuwa sokoni Mbuyuni, chane ya ndizi mkono mmoja, simu mkono mwingine. Aliyepiga ni dada anayeshika ofisi ya kampuni ndogo ya kupandisha wageni mlimani, hapa hapa Moshi. Nikamuuliza anaingiza safari ya njia gani. Marangu, siku tano. Siku ya kwanza kulala Mandara, imekubali. Ya pili Horombo, imekubali. Ya tatu Kibo, imekubali. Siku ya nne wageni wanaamshwa usiku, wanafika Uhuru, wanashuka kulala Horombo. Hapo ndipo mfumo ulipotoa kosa namba 1062: mstari umejirudia.

Nililijua tatizo kabla sijalipa ndizi. Aliyetengeneza jedwali la siku alitumia namba ya safari na jina la kambi kuwa ufunguo mkuu, yaani safu zinazotambulisha kila mstari na haziruhusiwi kujirudia kwa pamoja. Kwa njia ya Machame ungekaa mwaka mzima usiligundue, maana wageni hupandia upande mmoja na kushukia Mweka, na hakuna kambi wanayolala mara mbili. Marangu unapanda na kushuka njia ile ile. Horombo inalaliwa mara mbili, na mgeni akiongeza siku ya kuzoea mwinuko, mara tatu.

Makosa ya namna hii yote ni ndugu: mtu amechanganya entiti imara na entiti dhaifu, au amezijua lakini akakosea kuzifunga. Nimeyapanga kwa dalili, kwa sababu anayeomba msaada huja na dalili, hajui bado ugonjwa unaitwaje.

Maneno machache kabla ya kuanza

Entiti ni kitu ambacho kanzidata inatunza habari zake: safari, siku, mgeni. Entiti imara hujitambulisha kwa sifa zake yenyewe. Safari namba MAR-014 ni hiyo hiyo popote utakapoitaja. Entiti dhaifu haina ufunguo wa kuitosha. "Siku ya nne" ni ya safari ipi? Ni kama neno kifungua mimba. Kila nyumba yenye watoto ina kifungua mimba wake, simama stendi ya mabasi uite "kifungua mimba!" uone wangapi watageuka. Lazima useme wa nani. Huyo "wa nani" ndiye mmiliki. "Kifungua mimba" chenyewe ni kitofautishi: kinawatenga watoto wa nyumba moja, ukitoka nje ya nyumba hakina kazi. Ufunguo mkuu wa entiti dhaifu basi ni ufunguo wa mmiliki pamoja na kitofautishi, na uhusiano unaowafunga wawili hao tuuite uhusiano tambulishi.

Utaratibu huu wa kuchora kanzidata kwa entiti na uhusiano ulitolewa na Peter Chen mwaka 1976, na mfano wake wa mfanyakazi na wategemezi wake ungali unafundishwa madarasani. Kwa uchoraji wa mtindo huo, entiti dhaifu hupewa mstatili wa mistari miwili, uhusiano tambulishi almasi ya mistari miwili, na kitofautishi hupigiwa chini mstari wa vipande vipande.

Swali la kupimia ni moja: nikikitaja peke yake, utajua ni kipi? Halifanani na lile la "je, kinaweza kuwepo bila mwenzake?" Wengi huuliza hili la pili wakidhani wameuliza la kwanza, na gharama yake utaiona kwenye habari ya wapagazi.

Dalili: mstari halali unakataliwa kwamba umejirudia

Kati ya programu za kanzidata, MySQL itakupa 1062, PostgreSQL itakupa 23505. Kabla ya kumlaumu anayeingiza data, soma ufunguo mkuu wa jedwali hilo kwa sauti, kama sentensi. "Safari moja haiwezi kulala kambi moja zaidi ya mara moja." Je, ni kweli? Marangu inasema si kweli. Kitofautishi kimechaguliwa vibaya.

Nilipofika ofisini jioni ile nikatazama yaliyokuwa kwenye safu ya kambi. Palikuwa na "Horombo", "Horombo 2", "Horombo." yenye nukta mwishoni, na "Horombo kushuka". Watu wa ofisi walikuwa wameshajua kuudanganya mfumo. Ni siku ile tu ambapo dada, ambaye ni mgeni kazini, aliandika jina kama lilivyo. Siku ya tano nayo, ambayo hakuna anayelala mlimani, ilikuwa imeandikwa kambi "Geti", kwa sababu safu iliyo ndani ya ufunguo mkuu haikubali kubaki tupu. Ukiona watu wanabuni majina ili wapite, usiwafundishe nidhamu ya kuandika. Rekebisha ufunguo.

Kitofautishi cha kweli cha siku ni namba yake ndani ya safari:

CREATE TABLE siku_ya_safari (
  safari_namba VARCHAR(10) NOT NULL,
  siku INT NOT NULL,
  kambi VARCHAR(30),
  PRIMARY KEY (safari_namba, siku),
  FOREIGN KEY (kambi) REFERENCES kambi (jina),
  FOREIGN KEY (safari_namba) REFERENCES safari (namba)
    ON DELETE CASCADE
);

FOREIGN KEY ni ufunguo wa kigeni, safu inayoelekeza kwenye ufunguo wa jedwali jingine; ON DELETE CASCADE ni kusema safari ikifutwa, siku zake zifutike nayo. Kambi sasa ni safu ya kawaida inayoelekeza kwenye jedwali la kambi, na kambi ni entiti imara: Horombo ipo na inajulikana hata kama kampuni haina mgeni hata mmoja. Siku ya tano kambi inabaki tupu, na ni sawa. Kwa mistari ya zamani tulikuwa na bahati ya kuwa na tarehe, kwa hiyo namba za siku tulizipata kwa kupanga tarehe za kila safari kuanzia 1. Halafu zile Horombo nne zikarudi kuwa moja.

Dalili hiyo hiyo ina chanzo cha pili, ambapo kitofautishi hakina kosa ila mmiliki ametajwa nusu. Niliikuta kwenye chama cha msingi cha kahawa, juu kidogo huko migombani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Njoo uone, mashine yenu inakataa stakabadhi za mwaka huu zote."

Katibu akanifungulia kitabu cha stakabadhi, karatasi ya kaboni bado ipo katikati, namba juu kulia: 0001. Kila kituo cha kupokelea kahawa kina kitabu chake, na msimu ukianza kitabu kipya kinaanza moja. Mwenye mfumo alilijua la kwanza, la pili hakulijua. Ufunguo wake ulikuwa kituo na namba ya stakabadhi. Msimu wa kwanza ukaenda vizuri kabisa. Msimu wa pili, stakabadhi ya kwanza tu, mfumo ukagoma.

Stakabadhi hapa ni entiti dhaifu yenye wamiliki wawili, kituo na msimu. Hilo linaruhusiwa, ingawa vitabu vingi hupita juu juu. Ufunguo ukawa msimu, kituo na namba. Mistari ya zamani tuliijaza msimu uliopita kwa amri moja ya UPDATE. Kilichochukua muda ni mzee kunisimulia tena na tena kwamba yeye alisema toka mwanzo mwaka lazima uandikwe. Alisema kweli, na hakuna aliyemwuliza. Ukitaka kujua kitofautishi cha kitu, anza na karatasi waliyokuwa wakitumia kabla ya kompyuta.

Dalili: hakuna kosa lolote, ila siku ya tatu ipo mara mbili

Hii ndiyo naiogopa kuliko ile ya juu, kwa sababu mfumo hausemi kitu. Mtu ameambiwa kwamba funguo za safu mbili ni usumbufu, akaweka safu ya id inayojihesabu yenyewe, akafanya hiyo ndiyo ufunguo mkuu. Kompyuta inafurahi: mstari wa 501 si mstari wa 502. Lakini yote miwili ni MAR-014, siku ya 3. Mtandao ulikuwa mzito, mtu akabofya "hifadhi" mara mbili. Unakuja kujua mwisho wa mwezi, posho za wapagazi zikihesabiwa kwa siku na jumla ikagoma kulingana na fedha iliyotoka.

Watafute kwanza:

SELECT safari_namba, siku, COUNT(*)
FROM siku_ya_safari
GROUP BY safari_namba, siku
HAVING COUNT(*) > 1;

Futa pacha, ukiangalia kwanza kama kuna jedwali linaloelekeza kwenye id ya yule unayemfuta. Kisha weka kizuizi cha UNIQUE, kinachokataa marudio, juu ya safari_namba na siku kwa pamoja. Id ibaki kama unaipenda. Mimi mwenyewe huitumia, hasa pale programu ya wavuti inapotaka anwani fupi. Ila id bila UNIQUE ni kumpa mtoto namba ya usajili ukasahau kuandika jina la mzazi. Na usije ukadhani kwamba kwa kuwa jedwali limepata id, entiti imekuwa imara. Kwenye mchoro inabaki dhaifu, kwa sababu id umeibuni wewe. Mgeni akikuuliza habari ya siku yake hatakutajia 501.

Dalili: umefuta safari moja, wapagazi wamefutika nayo

Nimeliona hili mara moja, na mara moja inatosha. Safari iliahirishwa, mtu wa ofisi akaifuta kwenye mfumo, na wapagazi wote wa safari ile wakatoweka kwenye orodha pamoja na kumbukumbu za safari zao nyingine.

Aliyechora alikuwa na hoja, na hoja yenyewe haikuwa ya kijinga. Kampuni haimsajili mpagazi mpaka awe na safari ya kupanda. Kwa hiyo hakuna mpagazi asiye na safari. Kwa hiyo, akasema, mpagazi ni entiti dhaifu ya safari. Akampigia mstatili wa mistari miwili, akaweka ON DELETE CASCADE.

Sentensi mbili za mwanzo ni kweli. Ya tatu haifuati. Kila mpagazi kuwa na safari ni ushiriki kamili: sharti la kampuni kuhusu nani anaingia kwenye orodha. Entiti imara nyingi zina ushiriki kamili na hazipungukiwi kitu. Ni kweli kwamba kila entiti dhaifu ina ushiriki kamili kwa mmiliki wake, na hapo ndipo watu huteleza wakadhani na kinyume chake ni kweli. Rudi kwenye swali letu. Ukimtaja mpagazi kwa namba yake ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, bila kutaja safari, utajua ni nani? Utajua. Basi ni imara, na mwaka huu anaweza kubeba mizigo kwenye safari kumi bila kuwa mtu kumi.

Kurekebisha, na mpangilio ni muhimu: ondoa CASCADE kwanza, ndipo urudishe wapagazi kutoka kwenye nakala ya akiba. Ukianza na kurudisha, mtu mwingine atafuta safari nyingine wakati unakunywa chai. Kisha mpagazi apate jedwali lake lenye ufunguo wa namba ya NIDA, na katikati pawe na jedwali la ushiriki lenye namba ya safari na namba ya mpagazi. Ukifuta safari, kinachofutika ni ushiriki tu.

Kwa kuwa tumeitaja namba ya NIDA: ihifadhi kama maandishi. Ina tarakimu 20 na inaanza na mwaka wa kuzaliwa. BIGINT ya kawaida, aina ya safu ya namba nzima kubwa, inaishia kwenye tarakimu 19, na hata ile isiyopokea hasi inaishia 18,446,744,073,709,551,615, ndogo kuliko namba ya yeyote aliyezaliwa karne ya 20 au baada yake. Nimewahi kuona mtu akikata tarakimu mbili za mwisho ili namba "iingie".

Kuhusu CASCADE kwa ujumla, msimamo wangu ni huu: siku za safari zifutike na safari, hazina maana bila yake. Malipo yasifutike kamwe, hata kama yamechorwa kuwa dhaifu. Mfumo ukikupa kosa 1451, yaani ukikataa kufuta mstari unaotegemewa na mingine, unapofuta safari yenye malipo, umekusaidia.

Dalili: safari imefutwa, siku zake zimebaki yatima

Hapa mchoro huwa sahihi, tatizo liko kwenye mashine. Kwa SQLite, ufunguo wa kigeni haulindwi mpaka uwashe PRAGMA foreign_keys = ON, tena kila unapofungua muunganisho mpya. Kwa MySQL, angalia injini ya jedwali: MyISAM inapokea maneno FOREIGN KEY bila kulalamika na haifanyi lolote. InnoDB ndiyo ya kawaida tangu toleo la 5.5, lakini majedwali ya zamani yaliyohamishwa bado yapo.

Ikiwa hayo yako sawa na yatima bado wapo, tazama kama nusu ya ufunguo wa kigeni iko tupu. Jedwali la chakula cha wageni linaloelekeza kwenye siku kwa safu mbili, moja ikiwa NULL, kwa kawaida halikaguliwi kabisa, hata kama ile nusu iliyojazwa ni ya safari isiyokuwepo. Weka NOT NULL kwenye safu zote mbili.

Dalili: jedwali jingine linakataa kuunganishwa na entiti dhaifu

PostgreSQL husema hakuna kizuizi cha upekee kinacholingana, kosa 42830. Umeelekeza kwenye siku peke yake. Siku peke yake si ufunguo. Beba na safari_namba. Ukiwa na mnyororo, safari ina siku, siku ina milo, mlo una vyakula, funguo zitarefuka kila hatua. Baada ya ngazi ya tatu mimi huchoka na kuweka id, nikiwa nimekumbuka UNIQUE.

Dalili: mwalimu amekata alama kwenye mchoro

Wanafunzi wa vyuo vya Moshi na Arusha huniletea hii kila muhula. Mara nyingi ni mstatili wa mistari miwili uliounganishwa kwa almasi ya mstari mmoja: umesema ni dhaifu, hukusema nani anamtambulisha. Almasi ya mistari miwili ni ya uhusiano ule mmoja tu; kama siku inahusiana pia na kambi, ile ya kambi inabaki ya kawaida. Wengine wamepigia kitofautishi mstari mzima, yaani wamekiita ufunguo kamili.

Ukichora kwa MySQL Workbench, mistari ina maana nyingine: uhusiano tambulishi ni mstari mzima na usio tambulishi ni wa vipande. Usiuchanganye na ule mstari wa vipande chini ya kitofautishi.

Na kama kitu chako kina sifa moja tu, hakiunganiki na chochote kingine, mfano namba za simu za mgeni, huenda si entiti kabisa. Ni sifa yenye thamani nyingi. Kwenye majedwali zote mbili huishia kufanana, kwa hiyo sipotezi usiku kubishania hili.

Dalili: kilichokuwa imara jana, leo kinagongana

Mama mmoja mwenye nyumba ya kulala wageni hapa Moshi alikuwa na jedwali la vyumba lenye ufunguo mmoja, namba ya chumba. Lilikuwa sahihi. Ukisema chumba namba 4 kila mtu alijua ni kipi, maana nyumba ilikuwa moja. Akafungua ya pili Arusha, nayo ina chumba namba 4, na booking za miji miwili zikaanza kugombania kitanda kimoja.

Chumba kimegeuka dhaifu bila mtu kukigusa; kilichopanuka ni eneo ambalo mfumo unalitazama. Kazi yake ina mpangilio: toa kwanza ufunguo wa kigeni ulio kwenye booking, ongeza safu ya nyumba kwenye vyumba na kwenye booking, jaza Moshi kwa mistari yote ya zamani, badilisha ufunguo mkuu uwe nyumba na namba, ndipo urudishe ufunguo wa kigeni ukiwa na safu zote mbili. Booking za Arusha zilizokwisha kuingia utazitenga kwa mkono, moja moja, mkiwa na daftari la mapokezi.

Siku niliyokwenda kuifanya nilikuta mhudumu wa mapokezi ameshaimaliza upande wake. Funguo za milango zilikuwa zimening'inia ukutani, na kwenye kila kibao cha mbao alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino mzito: M1, M2, M3, M4. Za Arusha, aliniambia, ameshazituma kwa basi, zimeandikwa A.